Namna ya Kulinganisha Vyuo vya Marekani: Bei Utakayolipa, Wanaomaliza, na Kipato Baada ya Shahada

Vyuo vya Marekani ni maelfu, na sijawahi kuona kimoja kinachotangaza kwamba wahitimu wake wanahangaika. Kila kimoja kina picha za watu wenye majoho, asilimia kubwa ya "waliopata ajira", na mahali fulani palipoandikwa kwamba asilimia 90 na zaidi ya wanafunzi hupata msaada wa fedha. Nafuu iliyopo ni kwamba serikali ya Marekani huweka hadharani takwimu nyingi za vyuo hivyo, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Tatizo ni kuzisoma. Kila namba imehesabu watu fulani na kuwaacha wengine, na mtu anaweza kuchagua vibaya akiwa na takwimu sahihi mkononi kwa sababu tu hakuuliza walioachwa ni akina nani.

Mwongozo huu ni wa anayetafuta shahada ya kwanza, pamoja na mzazi au mlezi atakayechangia, wawe tayari wanaishi Marekani au wanaomba kutoka nje. Unahitaji jedwali moja la kompyuta au daftari lenye mistari, na jioni kadhaa zenye utulivu.

Kabla ya yote, jijue uko kundi gani

Chuo kilekile huwa na bei tofauti kwa watu tofauti, kwa hiyo anza na hadhi yako.

Raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya serikali kuu inayofungua mlango wa ruzuku ya Pell na mikopo ya serikali. Pell haurudishi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Mwanafunzi anayekuja kwa F-1, viza ya wanafunzi wa kigeni, hapati kitu hapo: hakuna Pell wala mkopo wa serikali kuu. Yeye hutegemea fedha za familia, wafadhili, au za chuo chenyewe.

Kama unaishi Marekani, jambo la pili ni jimbo lako. Vyuo vya umma huwatoza wakazi wa jimbo karo ya chini, na wengine karo kubwa ambayo mara nyingi ni maradufu au zaidi. Majimbo mengi hutaka uwe umeishi humo miezi 12 kabla ya masomo, tena uwe hukuhamia kwa ajili ya kusoma tu. Familia inayofikiria kuhama ilhali mtoto yuko darasa la mwisho la sekondari, iulize ofisi ya udahili kabla ya kufunga mizigo.

Hatua ya 1: Orodhesha kozi, si majina ya vyuo

Andika vyuo nane hadi kumi, na mbele ya kila kimoja andika kozi utakayosoma. Kozi ndiyo unayolinganisha. Ndani ya chuo kimoja, mhitimu wa sayansi ya kompyuta na mhitimu wa saikolojia wanaweza kupishana kipato kuliko wanavyopishana wahitimu wa vyuo viwili waliosoma kitu kimoja. Kama hujaamua, andika kozi mbili au tatu zinazokuvuta na uzifuatilie zote.

Hapohapo kagua ithibati, yaani kibali kwamba chuo kinakidhi viwango. Wizara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata ya vyuo vyote vyenye ithibati inayotambuliwa. Chuo kisichokuwemo kifute bila huruma. Kisha kagua ithibati ya kozi pale inapohitajika. Uhandisi uwe na ithibati ya bodi ya ABET. Uuguzi uwe na ya bodi ya CCNE au ACEN, na zaidi ya hapo tafuta tovuti ya bodi ya wauguzi ya jimbo: bodi hizo huchapisha asilimia ya wahitimu wa kila shule waliofaulu mtihani wa leseni wa NCLEX-RN kwa mara ya kwanza. Kwa muuguzi mtarajiwa hiyo ni namba ya thamani kuliko brosha nzima, maana bila leseni hakuna kazi.

Vyuo vinavyoendeshwa kwa faida navyo vitazame kwa jicho kali. Corinthian Colleges ilifunga milango Aprili 2015 na ITT Tech Septemba 2016, na wanafunzi wakabaki na madeni na krediti (hesabu ya masomo waliyofaulu) ambazo vyuo vingine havikuzitaka. Mwaka 2022 serikali ilifuta madeni ya watu 560,000 waliosoma Corinthian peke yake, dola bilioni 5.8. Wengi wao walikuwa wameyabeba kwa miaka.

Hatua ya 2: Tafuta bei halisi, achana na bei inayotangazwa

Bei halisi ni jumla ya gharama za mwaka (karo, ada, malazi, chakula, vitabu, usafiri, matumizi binafsi) ukitoa fedha ambazo hutazirudisha wala kuzifanyia kazi. Basi. Usipunguze humo mkopo, wala mshahara wa ajira ya chuoni.

Tangu Oktoba 2011 sheria inavilazimu vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuweka kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti zao. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno "Net Price Calculator", ingiza kipato cha familia, nawe utapata makadirio. Vikokotoo havilingani kwa ubora. Kinachokuuliza maswali matano kinakupa wastani wa watu wengine. Kinachokuuliza maswali 20 au 30, pamoja na akiba na alama zako, kinakaribia hali yako.

Kisha fungua College Navigator, tovuti ya kituo cha taifa cha takwimu za elimu. Kwenye sehemu ya bei halisi utaona wastani uliogawanywa kwa vipato vya familia: hadi dola 30,000, kutoka hapo hadi 48,000, hadi 75,000, hadi 110,000, na zaidi. Soma mstari wa kipato chenu tu. Ule wastani wa jumla wa juu uache. Vyuo vya binafsi vyenye akiba kubwa, ambavyo bei yake inayotangazwa inatisha, mara nyingine huwa nafuu kuliko chuo cha umma cha jirani kwa familia ya kipato cha chini. Ila kumbuka walioachwa: kwa vyuo vya umma, namba hiyo ni ya wanaolipa karo ya wakazi. Anayetoka jimbo jingine au nchi nyingine hayumo.

Kwa hiyo mwombaji wa F-1 aende kwenye hati iitwayo Common Data Set, ambayo vyuo vingi huichapisha kila mwaka. Kifungu H6 kinataja idadi ya wanafunzi wa kigeni waliopewa fedha za chuo na wastani wa walichopewa. Chuo chenye wanafunzi wa kigeni 900 kilichosaidia 12 kimeshakujibu kabla hujaomba. Vipo vyuo vichache ambavyo haviangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumchagua na huahidi kufidia upungufu wote, wakiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, lakini kuingia huko ni tundu la sindano. Berea College ya Kentucky ni mfano wa njia nyingine: haitozi karo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni.

Hatua ya 3: Ichambue barua ya msaada mstari kwa mstari

Barua ya msaada ni ile ambayo chuo kilichokukubali hukutumia kueleza fedha unazopewa. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na si kwa uzembe wao. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, GAO, ilipochunguza barua hizi mwaka 2022, ilikadiria kuwa asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki bei halisi kabisa au huiandika chini kuliko ilivyo.

Chukua mfano wa kubuni. Chuo A kinakuandikia: "Hongera! Umepata msaada wa dola 30,000." Jumla ya gharama za mwaka ni dola 38,000. Moyo unakwambia umebakiza 8,000. Sasa shuka kwenye mistari:

- Pell: 7,395
- Ufadhili wa chuo: 9,000
- Ajira ya chuoni: 2,500
- Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi: 5,500
- Mkopo wa mzazi (Parent PLUS): 5,605

Fedha za bure ni mistari miwili ya kwanza, 16,395. Ajira ya chuoni ni mshahara wa kazi ambayo bado hujaifanya, utakaolipwa kidogokidogo baada ya muhula kuanza, kwa hiyo hauwezi kulipia karo ya Agosti. Mistari miwili iliyobaki ni madeni, na ule wa mwisho ni deni la mzazi, kwa jina lake. Bei halisi ya Chuo A ni dola 21,605.

Chuo B, ambacho ni cha umma jimboni kwako, kimekuandikia barua kavu isiyo na hongera. Gharama za mwaka 27,000, Pell 7,395, ruzuku ya jimbo 3,000, mkopo 5,500. "Msaada" wake ni 15,895 tu, karibu nusu ya ule wa A. Bei halisi: 16,605. Chuo kilichokupongeza ndicho ghali, kwa dola 5,000 kila mwaka, yaani 20,000 kwa miaka minne.

Kabla hujaiweka barua kando, iulize maswali mawili. Ufadhili wa chuo unaendelea miaka yote minne, au ni wa mwaka wa kwanza tu? Na unataka wastani gani wa alama ili usikatwe? Sharti la 3.5 kati ya 4 kwa mwanafunzi wa uhandisi ni zito. Mimi ningeufanyia hesabu ufadhili huo kana kwamba utakoma baada ya mwaka wa pili, halafu nione kama bado tunamudu.

Hatua ya 4: Angalia nani anamaliza, na kwa miaka mingapi

Deni bila shahada ni balaa kuliko deni lolote lenye shahada. Kwa sababu hiyo mimi huangalia kiwango cha kuhitimu kabla ya mishahara, ingawa matangazo hufanya kinyume.

Kiwango kinachotajwa sana huhesabu waliomaliza shahada ya miaka minne ndani ya miaka sita. Ndiyo, sita. Tafuta pia kiwango cha miaka minne, College Navigator inacho. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili huashiria madarasa ya lazima yanayojaa, ushauri hafifu, au wanafunzi wanaofanya kazi saa nyingi. Mwaka wa tano una gharama mbili: bei halisi ya mwaka huo, na mshahara ambao ungekuwa unaupokea.

Waliohesabiwa ni wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza, tena wanaosoma kwa muda kamili (full-time). Anayehamia kutoka chuo kingine au anayeanza kwa masomo ya muda usio kamili hayumo. Kwake yeye kuna kipimo kingine kwenye tovuti hiyohiyo, kinachofuatilia hadi miaka minane. Na kama familia inapata Pell, tafuta kiwango cha kuhitimu cha wenye Pell. Chuo kinaweza kuwa na asilimia 71 kwa jumla na 55 kwa wenye Pell; jirani yake akawa na 58 na 56. Kwa mtoto wako, vyuo hivyo viwili ni sawasawa.

Njia ya kuanza na chuo cha jamii cha miaka miwili kisha kuhamia chuo kikuu inaokoa fedha nyingi, ikienda sawa. Haiendi sawa kila mara: GAO mwaka 2017 ilikadiria kuwa wanaohama hupoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao. Dawa ni makubaliano ya maandishi kati ya vyuo viwili, ya kozi yako hasa, yanayoonyesha kila somo litahesabiwa kama nini. Neno la mshauri kwamba "krediti zetu zinakubalika kote" halitoshi. Somo linaweza kukubaliwa kama la hiari lisikusogeze hata hatua moja kuelekea shahada.

Hatua ya 5: Soma kipato bila kudanganyika

College Scorecard ya Wizara ya Elimu, iliyoboreshwa sana mwaka 2015, huonyesha kipato cha wahitimu kutoka kumbukumbu za kodi. Hakuna aliyepigiwa simu akajisifu. Hutumia kipato cha katikati: wapange watu wote kuanzia anayepata kidogo hadi anayepata zaidi, kisha mchukue wa katikati. Tajiri mmoja hawezi kuipandisha namba hiyo.

Zipo namba mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya chuo kizima ni ya walioingia hapo miaka 10 iliyopita, waliomaliza na wasiomaliza. Ya kozi ni ya waliomaliza kozi hiyo peke yao. Ya kwanza inakuonya juu ya hatari ya kuishia njiani. Ya pili inakuonyesha tuzo ukimaliza. Andika zote mbili.

Zote mbili huhesabu tu waliopokea msaada wa serikali kuu. Wanafunzi wa kigeni hawamo kabisa, na watoto wa matajiri wasiohitaji msaada pia hawamo. Kozi zenye watu wachache hufichwa kulinda siri zao. Wala namba hizi hazirekebishwi kwa gharama za maisha: chuo kilichopo karibu na San Francisco huonekana bora kuliko cha Mississippi kwa sababu wahitimu wengi hubaki mkoa ule, ambako kodi ya nyumba nayo ni ya mkoa ule. Biolojia nayo huonekana dhaifu miaka ya mwanzo, kwa kuwa baadhi ya wahitimu wake bado wako shule ya udaktari au ndiyo kwanza wanatoka.

Chuo kikikupa takwimu zake chenyewe, kama "asilimia 96 wameajiriwa au wanaendelea na masomo", uliza jambo moja: mnajua habari za asilimia ngapi ya wahitimu? Kama walijibu watu 40 kati ya 100, hao 96 ni asilimia ya wale 40, na aliye nyumbani bila kazi ndiye aliyekuwa mvivu wa kujibu. Chama cha NACE, kinachoweka viwango vya ripoti hizi, huvitaka vyuo vijue habari za angalau asilimia 65. Uliza pia kama kazi ya muda katika duka imehesabiwa kuwa "ajira".

Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeongeza kipimo kingine: kozi za shahada ya kwanza ambazo wahitimu wake wanapata chini ya watu wazima wenye cheti cha sekondari tu zinaweza kunyimwa mikopo ya serikali. Kozi iliyo karibu na mstari huo, hata kama bado inapokea wanafunzi, mimi ningeikwepa.

Mwenye F-1 aongeze safu moja kwenye jedwali. Baada ya kuhitimu anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 katika fani yake, na kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa miezi 24. Kinachoamua ni namba ya utambulisho wa kozi, ile ya CIP inayoandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni. Jina la kozi haliamui kitu. Ndiyo maana vyuo vingine vimesajili shahada ya uchumi chini ya 45.0603, uchumi wa kitakwimu, ambayo inahesabiwa miongoni mwa kozi hizo za nyongeza. Kozi mbili za uchumi zinaweza kufanana vitabu na walimu, moja ikakupa mwaka mmoja wa kazi na nyingine mitatu. Uliza namba hiyo kwa barua pepe kabla ya kukubali nafasi.

Hatua ya 6: Jina la chuo lipe uzito wake, lisizidi

Orodha za ubora hutegemea sana takwimu ambazo vyuo hujaza vyenyewe. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa Columbia, Michael Thaddeus, alichambua takwimu za chuo chake na kuonyesha haziwezi kuwa sahihi. Chuo kikakiri makosa, na katika orodha maarufu ya ubora wa vyuo ya U.S. News kikaporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Hakuna mwanafunzi aliyesoma vibaya zaidi Septemba ile kuliko mwaka uliotangulia.

Wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger waliwalinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana, wengine wakaenda kwenye jina kubwa na wengine wasiende. Vipato vyao havikupishana kwa maana. Faida ilionekana kwa wanaotoka familia za hali ya chini, na katika utafiti wao wa baadaye, kwa wanafunzi Weusi, wa asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Kwa hiyo mtoto wa mhamiaji asiye na mjomba kwenye kampuni yoyote anaweza kunufaika na jina kubwa kuliko mtoto wa wakili. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sharti la bei. Dola 5,000 zaidi kwa mwaka, labda. Deni la mzazi la dola 60,000, mimi nasema hapana.

Hatua ya 7: Jaza jedwali, kisha bishana na chuo

Safu zako ziwe hizi: bei halisi ya mwaka, miaka unayotarajia kumaliza, gharama yote (hizo mbili zikizidishwa), kiwango cha kuhitimu cha watu kama wewe, kipato cha kozi, kipato cha chuo kizima, deni utakalotoka nalo. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikalini dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na wa nne, yaani 27,000. Kwa riba ya asilimia 6 na miaka 10 ya kulipa, hiyo ni karibu dola 300 kila mwezi. Weka namba hiyo kando ya kipato cha kozi na uone inabaki nini. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza. Kwa mwalimu au mfanyakazi wa ustawi wa jamii ningeshuka chini ya hapo.

Chuo unachokipenda kikibaki juu kwa dola elfu chache, usikate tamaa mapema. Andikia ofisi ya msaada wa fedha ukiomba wapitie upya uamuzi wao. Eleza kilichobadilika: mzazi amepoteza kazi, hospitali imedai, ndugu mwingine anaanza chuo. Ambatanisha vielelezo na barua ya chuo shindani kama kinakupa zaidi, taja kiasi unachopungukiwa, na barua isizidi ukurasa mmoja. Piga simu baada ya wiki. Vyuo vingi hutaka jibu lako kufikia tarehe 1 Mei, kwa hiyo barua iende Machi au mapema Aprili, na kama majibu yanachelewa, omba kwa maandishi muda wa kulipa amana ya kushikilia nafasi usogezwe.